Leza na zege nene: kuuvunja ukuta wa kinga wa mtambo wa nyuklia

Buyende, kaskazini mwa Busoga karibu na Ziwa Kyoga, imechaguliwa kuwa mahali pa mtambo wa kwanza wa umeme wa nyuklia nchini Uganda, na serikali imetaja mwaka 2031 kwa megawati 1,000 za mwanzo. Mjadala mwingi ni wa ujenzi: ardhi, fidia, fedha, maji ya kupozea. Namna mtambo huo utakavyovunjwa ukishazeeka huonekana kuwa kazi ya wajukuu. Mhandisi wa zege hana ruhusa ya kuwaza hivyo. Kokoto, mchanga na saruji vitakavyomwagwa mwanzoni ndivyo vitakavyoamua, miongo kadhaa baadaye, ukuta utakatika vipi, utatoa moshi gani, na vipande vyake vitazikwa wapi. Kukata kwa leza kunauonyesha uhusiano huo kuliko njia nyingine yoyote, kwa kuwa leza huigusa kemia ya zege moja kwa moja.

Ukuta tunaouzungumzia ni ule wa kinga unaokizunguka chungu cha kinu, yaani chombo cha chuma chenye fueli ya nyuklia. Unene wake mara nyingi ni kati ya mita 1.5 na 3, umejaa nondo nene zilizopangwa kwa safu nyingi, na wakati mwingine umemwagwa kwa kokoto nzito za baraiti au magnetaiti. Zege la kawaida lina uzito wa takriban kilo 2,400 kwa mita moja ya ujazo; lile zito hupita 3,500.

Kinu kinapofanya kazi, nyutroni huingia ndani ya ukuta na kugeuza baadhi ya atomi zake kuwa za mionzi. Wahusika wakubwa ni vitu ambavyo fundi hakujua hata kama vimo: yuropiamu, ambayo katika zege la kawaida ni kama gramu moja au pungufu kwa kila tani, na kobalti iliyomo kwenye nondo na kwenye baadhi ya mawe. Yuropiamu-152 ina nusu-uhai, yaani muda wa nusu ya kiasi chake kutoweka, wa miaka 13.5, kobalti-60 miaka 5.27. Mtambo ukiachwa miaka 40 baada ya kuzimwa, kobalti-60 hubaki kama nusu ya asilimia moja ya kiasi cha mwanzo, lakini yuropiamu-152 bado ipo kwa karibu asilimia 13. Kwa hiyo kusubiri kunapunguza kazi ila hakuimalizi. Habari njema ni kwamba nyutroni hupungua haraka kadiri zinavyozama ukutani, hata sehemu kubwa ya zege upande wa nje hubaki safi. Kazi yote ya kukata ni kuitenga ile sehemu ya ndani na hii ya nje, kwa sababu ya kwanza inakwenda kwenye hifadhi ya taka za mionzi na ya pili inaweza kusagwa iwe kifusi cha kawaida.

Hapa kuna jambo linalochanganya watu. Vyumba vya tiba ya saratani pale Mulago, hospitali kuu ya Kampala, navyo vina kuta nene za zege, na wako wanaodhani kuta hizo zimekuwa za mionzi kwa miaka ya kupigwa na kobalti-60. Hazijawa. Miale ya gama ya kobalti haina nguvu ya kugeuza zege kuwa la mionzi. Chanzo kikiondolewa na chumba kikapimwa, ukuta ule ni zege tu. Mashine za kuharakisha elektroni zinazopita megavolti 10 ndizo huzalisha nyutroni kidogo, na hizo ndizo za kuchunguzwa siku chumba kikivunjwa. Kinu cha nyuklia ni habari nyingine kabisa. Mfano wa jirani ni vinu vya utafiti vya Kinshasa, TRICO I cha mwaka 1959 na TRICO II cha mwaka 1972, ambavyo vilijengewa kinga ya zege.

Njia iliyozoeleka ya kukata ukuta kama huo ni msumeno wa waya wa almasi. Matundu huchimbwa, waya wenye shanga za almasi hupitishwa na kuzungushwa kwenye puli, mashine huuvuta kwa kasi huku maji yakipoza. Unakata zege na nondo pamoja, na unene wa mita mbili hauusumbui sana. Tuseme wazi: mahali ambapo mtu anaweza kufika na kufunga puli, waya wa almasi bado ndio mshindi. Kasoro zake ni tatu. Maji yake huwa tope lenye mionzi ambalo lazima likusanywe, likaushwe na kufungashwa. Waya ukikatika huchapa kwa nguvu ya kuua. Na mashine inahitaji kufungwa imara, kwa kuwa inavuta na kutetemesha.

Leza haigusi ukuta, kwa hiyo haisukumi wala haivuti. Mkono mwembamba wa roboti usioweza kubeba msumeno unaweza kubeba kichwa cha leza na kukipeleka penye msongamano wa mabomba. Chombo chenyewe, yaani leza ya nyuzi yenye iterbi inayotoa mwanga wa mikromita 1.07, hukaa nje kwenye eneo safi. Kinachoingia ndani ni uzi wa kioo wenye urefu wa makumi ya mita, kichwa cha lenzi na mpira wa gesi. Leza ya kaboni dayoksaidi, yenye wimbi la mikromita 10.6, haiwezi kupita kwenye uzi wa aina hiyo, na ndiyo maana imeachwa kando. Uzi nao hauishi milele: kioo kikipigwa na mionzi mikali hubadilika rangi na kuanza kumeza mwanga, hivyo hupimwa mara kwa mara nguvu inayotoka mwisho wake.

Sasa hesabu. Kulipasha zege kutoka joto la kawaida hadi kuyeyuka, kuanzia kama nyuzi 1,200 hadi 1,500 kulingana na mawe yake, pamoja na kulikausha na kulivunja kikemia, kunadai takriban megajuli 2.5 kwa kila kilo. Chukua bamba lenye unene wa sentimita 30, na mfereji wa mkato wenye upana wa milimita 10. Kila mita ya mkato inayeyusha kilo 7.2, yaani megajuli 18. Leza ya kilowati 10 ingeimaliza mita hiyo kwa nusu saa kama kila chembe ya mwanga ingefanya kazi yake. Haifanyi. Sehemu hurudishwa, sehemu hupotelea pembeni mwa mfereji, sehemu humezwa na moshi. Ukichukulia kuwa theluthi moja tu ndiyo inayofaa, mita moja inachukua saa moja na nusu, yaani kama milimita 11 kwa dakika.

Mtu atasema, basi kwa mita 1.5 tuzidishe mara tano. Hapo ndipo wengi hukosea. Mfereji wenye kina hicho hauwezi kubaki na upana wa milimita 10, kwa sababu mwale hutawanyika na zege lililoyeyuka halipati pa kutokea. Ukiupanua hadi milimita 40, kila mita ya mkato ni kilo 144 za zege, megajuli 360, na kwa theluthi ileile ni saa 30. Saa 30 kwa mita moja, na mwisho wake una kilo 144 za kioo cha kuokota kwa roboti.

Kuyeyusha zege ni rahisi. Kulitoa zege lililoyeyuka ndiko kunakoshinda. Rojo la zege lenye silika nyingi ni zito na linanata, kama maji ya miwa yanayokaribia kuwa sukari guru kwenye masufuria ya Busoga: likipoa kidogo tu halitiririki tena. Chuma kilichoyeyuka hutiririka kirahisi na upepo wa gesi hukipeperusha mara moja. Rojo la zege hujikokota, hugandia kwenye kuta za mfereji, na kuziba nyuma ya mwale njia ambayo umeilipia kwa saa nzima. Likibaki mbele ya mwale, leza inaendelea kuchemsha rojo lilelile na zege lililo nyuma yake halipati joto. Dalili yake huonekana kwenye kamera: mwanga mweupe unatulia mahali pamoja, unaongezeka, na cheche za upande wa pili zinakoma. Ukiona hivyo, kuongeza nguvu hakusaidii. Simamisha mwendo, rudisha kichwa nyuma sentimita chache, fungua mfereji upya.

Uzito wa rojo wenyewe unaweza kutumiwa. Ukuta ukiwa wima na mwale ukiwa mlalo, mkato upande kutoka chini kwenda juu, ili rojo lidondokee kwenye sehemu iliyokwisha kukatwa. Ukikata kutoka juu kwenda chini rojo hujikusanya kwenye uso wa mkato na kuufunika. Mwanzo wa mkato uwe ukingoni au kwenye tundu lililochimbwa kwa drili ya almasi hadi upande wa pili, maana kutoboa kwa leza katikati ya ukuta mzima hurusha rojo moja kwa moja kwenye lenzi. Na chini ya mkato pawe na trei ya chuma yenye mchanga mkavu, kwa sababu rojo la nyuzi zaidi ya elfu moja likidondokea sakafu yenye unyevu hupasua zege la sakafu.

Gesi ya kusukuma rojo inaweza kuwa hewa ya kompresa, kwa shinikizo la bari 6 hadi 10, ila iwe kavu na isiyo na mafuta hata tone. Mafuta yakifika kwenye kioo cha kinga cha lenzi huungua na kuacha doa, doa humeza mwanga, kioo hupata joto na kupasuka. Kabla hakijapasuka, joto hukipindisha kidogo na kusogeza mahali pa kubanana kwa mwale, nawe unaanza kushangaa kwa nini mkato umekuwa mpana. Kichwa kizuri kina kipimo cha joto kwenye kioo hicho na upepo wa pembeni wa kukinga matone. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba upepo wa gesi hufifia sentimita chache tu baada ya kutoka mdomoni. Katika mfereji wa sentimita 30 unafika chini ukiwa dhaifu, na katika mfereji wa mita hauna maana.

Mwale wenyewe nao una sheria zake. Ukiubana uwe na kipenyo cha milimita 1, kilowati 10 hutoa karibu kilowati 13 kwa milimita ya mraba, nguvu kubwa, lakini kwa leza nyingi za viwandani mwale huo hutanuka haraka na kufika ukingoni mwa bamba la sentimita 30 ukiwa na zaidi ya milimita 2.5. Ukiubana kwa milimita 2 unapoteza robo tatu ya ukali, ila unabaki karibu sambamba katika unene wote. Kwa zege nene tunapendelea wa pili, pamoja na lenzi ya umbali mrefu inayokiweka kichwa mbali na matone. Anayetoka kwenye karakana ya kukata mabati huona mpangilio huu ni kosa, kwa kuwa kule ukali ndio kila kitu.

Kokoto ndizo zinazoleta tofauti kubwa kuliko mpangilio wowote wa mashine. Zege linapopashwa, kwanza maji yake hugeuka mvuke, na mita moja ya ujazo ina zaidi ya kilo 100 za maji, huru na yaliyofungwa pamoja. Mvuke ukikosa njia hurusha vipande. Karibu nyuzi 450 chokaa iliyomo kwenye saruji iliyoganda hupoteza maji yake, na nyuzi 573 kwatzi hubadili umbo na kutanuka ghafla, jambo linalopasua kokoto za granaiti. Jiwe la chokaa hufanya mengine kabisa: kati ya nyuzi 800 na 900 hutoa kaboni dayoksaidi, asilimia 44 ya uzito wake, na kubakiza oksaidi ya kalisi ambayo ikiwa peke yake haiyeyuki mpaka nyuzi kama 2,600. Ndani ya mfereji huchanganyika na silika ya mchanga na kuyeyuka mapema zaidi, lakini palipo na chokaa nyingi mkato hujaa unga na vipande vigumu visivyoyeyuka. Mawe ya volkano ya aina ya basalti huyeyuka karibu na nyuzi 1,200 na kutiririka vizuri. Ukiwa na kuta mbili, moja ya kokoto za granaiti na naisi kama zile za machimbo ya Mukono na Wakiso, nyingine ya mawe ya volkano kama ya Kisoro, leza ileile kwa mpangilio uleule itakupa kazi mbili tofauti.

Nondo, ambazo kwa msumeno ni adui, kwa leza zinaweza kuwa msaada. Chuma kikiyeyuka na kuungua kidogo, oksaidi yake huingia kwenye rojo na kulifanya jepesi, hivyo mkato mara nyingi huenda vizuri pale inapopita nondo na hukwama baada yake. Ukitumia oksijeni badala ya hewa, kuungua kwa chuma huongeza joto zaidi. Lakini safu ya nondo iliyolala sambamba na mkato huubeba mwale pembeni, na joto hukimbilia kwenye chuma chote, kwa kuwa chuma husafirisha joto mara makumi kuliko zege. Michoro ya nondo iliyojengwa kweli, tofauti na ile iliyokusudiwa, ina thamani kubwa siku hiyo.

Moshi ndio hatari inayodharauliwa. Leza hugeuza sehemu ya zege kuwa chembe ndogo kuliko mikromita moja, ambazo hukaa hewani na kuingia mapafuni. Eneo lote hufunikwa hema lenye shinikizo hasi, hewa hupitishwa kwanza kwenye kizuizi cha cheche, kisha vichujio vya awali, kisha vichujio vya hali ya juu vinavyokamata asilimia 99.97 ya chembe za mikromita 0.3. Kizuizi cha cheche kikisahauliwa, kichujio kinashika moto. Hata mfumo kamili una matundu mawili ya kikemia. Tritiamu, yaani haidrojeni ya mionzi yenye nusu-uhai wa miaka 12.3, hutoka ikiwa sehemu ya mvuke wa maji na kuvipita vichujio bila kizuizi; lazima mvuke ugandishwe au unaswe kwenye vikaushio. Na kaboni-14 hutoka ikiwa gesi pamoja na kaboni dayoksaidi ya mawe ya chokaa. Penye uchafu wa sesiamu-137 juu ya ukuta hali ni mbaya zaidi, kwani sesiamu hugeuka mvuke kirahisi kwa joto hili, kisha huganda kwenye mabomba ya kutolea hewa. Ukuta wenye sesiamu usianze kukatwa kwa leza kabla ngozi yake haijabanduliwa kwa njia baridi. Kwa hiyo kabla ya mkato wowote hutolewa vipande vya mviringo kwa drili ya almasi, hukatwa visahani, na kila kisahani hupimwa ili kujua kina cha mionzi na aina yake.

Mwanga wenyewe hauonekani kwa macho. Mwale wa kilowati kadhaa uliorudishwa na kipande cha chuma kilicho mita kadhaa unaweza kuchoma retina kabla mtu hajapepesa, na mwale uliopenya ukuta unaendelea na safari kwenye chochote kilicho nyuma. Kwa hiyo nyuma ya mkato huwekwa kizuizi cha mwale, milango hufungwa kwa swichi zinazozima leza, na mtu yeyote hakai chumbani. Umeme nao upangwe mapema: leza ya kilowati 10 yenye ufanisi wa asilimia 35 inavuta karibu kilowati 29, na ukiongeza kipoza maji, kompresa na feni za moshi unahitaji laini ya fezi tatu ya kilowati 50 hadi 60 isiyoyumba. Leza ikizimika katikati ya mkato, rojo linaganda mferejini na sehemu hiyo inakatwa upya.

Je, imewahi kutumika? Katika mitambo halisi, mafanikio yanayojulikana zaidi ni ya chuma. Ufaransa, kule Marcoule, ilitumia leza iliyobebwa na mkono wa roboti Maestro kukata vyungu vya kuyeyushia fueli vya kiwanda cha UP1. Uingereza, kule Sellafield, mkono wa roboti wenye umbo la nyoka uliobeba leza ulikata chungu cha aina hiyo mwaka 2016. Zege nene bado limekaa zaidi kwenye maabara na majaribio. Kwa maoni yetu halitatoka huko kwa kuongeza kilowati. Litatoka kwa kupunguza tunachokidai kwa leza. Ukuta wa mita mbili hauhitaji kukatwa wote. Kama mionzi imeingia sentimita 40, chimba safu ya matundu kwa drili ya almasi kutoka upande safi hadi kwenye mpaka huo, yawe milango ya rojo. Kisha tumia leza kutoka ndani kukata nondo na kuchonga mifereji inayokutana na matundu, na mwisho tumia kabari za haidroliki kubandua vipande. Leza inafanya ile kazi isiyofanyika vizuri na kitu kingine, yaani kukata chuma na zege kwa mbali bila maji wala mtikisiko, na kabari inafanya kazi ya nguvu.

Kwa Buyende, kazi ya sasa haihitaji leza hata moja. Inahitaji maabara na ghala. Jiwe la chokaa la Tororo linatokana na kabonataiti, aina ya mwamba inayojulikana duniani kwa kubeba madini adimu, na yuropiamu ni mojawapo ya madini hayo. Busoga yenyewe ina udongo wa madini adimu kule Makuutu. Saruji, mchanga na kokoto za ukuta wa kinga vipimwe yuropiamu na kobalti kwa kupigwa nyutroni kabla mkataba wa kuvileta haujasainiwa, na chenye kiasi kikubwa kipelekwe kwenye majengo ya kawaida, ambako hakina madhara. Nondo nazo zije na cheti cha kiasi cha kobalti. Kisha kwa kila siku ya kumwaga ukuta wa kinga, zihifadhiwe kilo chache za saruji, mchanga na kila aina ya kokoto, pamoja na mche mmoja wa zege lililoganda, kwenye makopo yaliyofungwa na kuandikwa tarehe na mahali hasa pa ukuta vilipokwenda, mbali na kinu, palipo pakavu.